Ugali wa Muhogo Si Dawa ya Sukari

Mzee aliyekuja kwangu kliniki wiki iliyopita alikuwa na sukari ya damu ya 14 (mmol/L), iliyo juu mno, kabla hajatia kitu mdomoni. Nikamuuliza anakula nini nyumbani. Akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Sembe nimeacha, mwanangu. Sasa ni ugali wa muhogo mchana na usiku. Chakula chetu cha asili, hakina sukari."

Maneno hayohayo nimeshayasikia kwa shangazi yangu wa Tandahimba, kwa muuza makopa (vipande vya muhogo mkavu) sokoni, na kwa watu waliosoma kunizidi. Leo nayajibu kwa maandishi, maana kwa mdomo nimechoka.

Muhogo ni wanga. Ukiyasaga makopa, unachopata ni wanga karibu mtupu. Protini haifiki gramu 3 katika gramu 100 za unga, wakati mtama una kama 10. Wanga ukishasagika tumboni unakuwa glukosi, na glukosi ndiyo ninayoipima kwenye tone la damu. Ulimi usipoonja utamu, si kwamba kongosho, kiungo kinachoshughulikia sukari mwilini, limepumzika.

Kinachoniudhi zaidi ni namna tunavyomtumia bibi kama shahidi. "Mabibi zetu walikula muhogo na wakaishi miaka mingi." Haya, basi tuutazame mlo wa bibi wote. Wangu, kule Newala, hakula ugali mkavu ila siku za shida. Pembeni kulikuwa na mbaazi za nazi, au kunde, au njugu mawe. Kulikuwa na kisamvu cha mpira kilichotwangwa kinuni na kuungwa kwa karanga. Kulikuwa na mlenda, na samaki mkavu siku akipita mchuuzi kutoka pwani. Kiangazi kulikuwa na ming'oko ya kuchimba porini. Na kabla na baada ya kula kulikuwa na jembe, na maji ya kufuata mbali, kwa sababu kule juu kwenye uwanda wa Makonde maji yalikuwa mtihani. Ugali ulikuwa wa kuchotea mboga. Sisi tumechukua tonge, bakuli tumeliacha, kisha tunasema tumerudi kwenye asili.

Tangu 2025 watu wananitumia habari za utafiti wa Kilimanjaro uliochapishwa katika jarida la Nature Medicine. Naupenda utafiti ule. Wanaume 77 walishiriki. Waliotolewa kwenye chakula cha kwao wakapewa vyakula vya kizungu kwa wiki mbili, vipimo vyao vilionyesha kinga ya mwili imechokozwa, na waliofanya kinyume chake, vikatulia. Lakini waliokula cha kwao walilishwa mlo mzima: maharage, ndizi, mboga za majani. Hakuna aliyepewa rundo la wanga akaambiwa huo ndio urithi wako. Na nikiri linalonisumbua: wiki mbili ni chache, na walikuwa wanaume vijana, wakati foleni yangu ni akina mama wa miaka hamsini. Siwezi kuubeba utafiti ule nikautua Mtwara kana kwamba ulifanyika hapa.

Sasa nije kwenye muhogo mchungu, ambao wapenda asili hawautaji kabisa. Una sumu ya sayanidi. Mabibi walijua, ndiyo maana walimenya, wakavundika, wakakausha kwa siku nyingi, wakatwanga. Kazi ile ilikuwa sehemu ya chakula chenyewe. Mwaka wa njaa, watu wakiharakisha makopa, ndipo konzo inapoingia: miguu inapooza ghafla na haiponi, na wanaopigwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliandikwa humuhumu kusini, Mtwara na Mbinga. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Mwili huivunja nguvu sayanidi kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini. Mwenye kunde, mbaazi au samaki kwenye sahani ana kinga ambayo mla ugali mtupu hana. Mboga ya bibi haikuwa ya kuongeza ladha tu. Ilikuwa inaukamilisha muhogo.

Kama unga wako ni wa muhogo mchungu, weka alama kwenye bakuli pale unga ulipofika. Tia maji ukikoroga. Unga utashuka, ongeza maji mpaka urudi kwenye alama. Utandaze kwenye mkeka, unene usizidi sentimita moja, saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu inatoka kama hewa. Songa ugali siku hiyohiyo.

Kisamvu nacho, kwa sababu hiyohiyo, kitwange kilainike, kichemshe muda mrefu bila kufunika. Magadi yaache, hasa mwenye presha.

Kuhusu nazi, moyo wangu hauko mahali pamoja. Mwongozo unanitaka niseme punguza, kwa sababu ya mafuta yake, na kwa mwenye lehemu (kolesteroli) iliyopanda nasema hivyo bila kusita. Lakini nikimwondolea mama wa Mikindani tui, ataacha na mbaazi, atakaanga chipsi. Kwa hiyo namwambia tui jepesi, nazi moja kwa sufuria ya familia, na kila mara ninaposema hivyo najiuliza kama nimepima sawasawa.

Yule mzee sikumrudisha kwenye sembe. Tulikubaliana ugali wa muhogo ubaki, tonge la ukubwa wa ngumi yake, na bakuli la mbaazi liwe kubwa kuliko ugali. Akanyamaza kidogo.

"Mbaazi nimeuza zote, mwanangu."

Nilipaswa kulijua hilo. Mbaazi zetu tunazilimia soko. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha kununua, bei ikaporomoka, watu wakalia na magunia ndani, na bado vyungu vingi havikuonja mbaazi, kwa kuwa tumeshazizoea kama fedha. Korosho vilevile. Mabibo, yenye vitamini C kushinda chungwa, yanaozea chini ya mikorosho.

Nikamwambia kwa sasa anunue kunde, hata kilo moja moja, na mavuno yajayo abakishe debe mbili kabla dalali hajafika uani. Akaomba nimwandikie kwenye kadi ya kliniki, amwonyeshe mkewe. Nikaandika: mbaazi, debe mbili, haziuzwi.