Jina Lako Kwenye Simu ya Mwenzako Si Dhamana ya Mkopo

Wanaokuja dawatini kwetu kulalamikia apu za mikopo mara nyingi siku hizi si wakopaji. Ni shemeji wa mkopaji, mwajiri wake, au mama mboga anayemuuzia sukuma. Hawajakopa hata shilingi, ila wamepigiwa simu alfajiri na mtu wasiyemjua akiwaambia, "Mwambie mtu wako alipe."

Kwetu sisi wanasosholojia tunaofuatilia jinsi teknolojia inavyoingia kati ya watu na watu wao, mbinu hii ina asili ya karibu. Chama cha mtaani, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, nacho hukopesha kwa kutegemea aibu: usipolipa, mkutano ujao utaingia na uso gani? Lakini mdhamini wa chama alikuwepo, akasikia kiasi, akaitikia. Apu ilichota majina yote yaliyo kwenye simu na kuwageuza wenye majina hayo kuwa wadhamini bila hata kuwabishia hodi. Rehani ikawa heshima ya mkopaji mbele ya watu anaowaonea haya.

Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu watoa mikopo ya kidijitali zinakataza kuwasaka watu walio kwenye simu ya mteja kwa sababu amechelewa kulipa. Zinakataza pia vitisho, matusi na kuanika majina ya wadaiwa mtandaoni. Google nayo, tangu 31 Mei 2023, hairuhusu apu za mikopo kwenye duka lake kusoma majina na picha za simu. Apu unayotumiwa kwa kiungo cha WhatsApp haipiti kwenye duka hilo.

Hapa huwa naambiwa, "Lakini mkopaji alibonyeza 'kubali'." Alikubali kwa niaba ya nani? Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinamtwika aliyekusanya data mzigo wa kuthibitisha ridhaa, na ridhaa hiyo inaweza kuondolewa wakati wowote. Shemeji hakubonyeza chochote. Nimelieleza hili mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kuhusu utaratibu. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hiyo, chini ya kifungu cha 56, kwa maandishi au kwa mdomo. Ya mdomo ni lazima yaandikwe na ofisi yenyewe, kwa hiyo asiyejua kuandika asikae nyumbani. Usifute ujumbe hata ukikuchefua. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa, kisha andika kando jina la apu na jina la kampuni, maana mara nyingi hayafanani. Uchunguzi unapaswa kukamilika ndani ya siku 90. Kamishna anaweza kutoa notisi ya utekelezaji. Atakayeikaidi bila sababu ya maana anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Faini ya kiutawala, ambayo ni jambo tofauti, ina kikomo cha shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya kampuni ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu.

Septemba 2023 kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, ilitozwa na Kamishna huyo shilingi 2,975,000 kwa makosa ya namna hii. Siku hiyohiyo Roma School ilitozwa 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Walimu wanaopenda kupamba kurasa za shule nadhani wamesikia.

Pesa hizo haziingii mfukoni mwa mlalamishi. Fidia ni dai jingine, chini ya kifungu cha 65. Na deni linabaki deni: wapo wanaotufikia wakitarajia barua ya kusamehewa, nao huondoka wamenuna.