Mwaka wa msingi wa anthropolojia Uingereza: wanafunzi hukwama wapi

Anayemaliza KCSE ya Kenya na kutaka shahada ya anthropolojia, yaani elimu ya jamii na tamaduni za watu, England, mara nyingi huambiwa aanze na mwaka wa msingi (foundation year), mwaka wa maandalizi kabla ya shahada. Shahada kule ni ya miaka mitatu na humtarajia mwanafunzi awe amepita A-level, masomo ya juu ya sekondari, hatua ambayo KCSE haina. Mwenye kidato cha sita cha Tanzania aulize kwanza idara yenyewe, maana vipo vyuo vinavyompokea moja kwa moja.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni mwaka uliounganishwa na shahada: unaomba mara moja kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vikuu vya Uingereza, na kusoma miaka minne. Ya pili ni kozi ya maandalizi ya wanafunzi wa kigeni, ambayo pengine hufundishwa na taasisi nyingine kwa niaba ya chuo. Kwa njia hii ya pili, kabla ya kulipa, dai orodha ya maandishi ya shahada unazoweza kuingia na alama zinazotakiwa. Jina “sayansi za jamii” peke yake halikuhakikishii anthropolojia. Na ukomo wa ada ya mwaka wa msingi, pauni 5,760 kwa masomo ya darasani, ulioanza 2025/26, ni wa wanafunzi wanaohesabiwa kuwa wa nyumbani. Wa kigeni haumkingi.

Mwaka mzima ni krediti 120, na kila krediti moja hukadiriwa kuwa saa 10 za kazi. Somo moja la krediti 20 ni saa 200, na sehemu kubwa ya saa hizo unasoma peke yako. Alama nazo hushtua: kati ya 100, 40 ni kupita, 70 ni daraja la juu kabisa. Ukipata 62 umefanya vizuri.

Mada inayonifurahisha zaidi kumwona Mswahili akikutana nayo ni udugu (kinship). Mchoro wake una alama chache: pembetatu ni mwanamume, duara ni mwanamke, alama ya sawasawa (=) ni ndoa, mstari wa wima ni uzazi, wa mlalo ni undugu wa kuzaliwa. Kila kitu huhesabiwa kutoka kwa mtu mmoja, Ego. Herufi ni za Kiingereza: F baba, M mama, B kaka, S mtoto wa kiume, D binti. Dada ni Z, kwa sababu S imeshachukuliwa. Kwa hiyo mjomba ni MB, shangazi ni FZ, baba mdogo ni FB.

Kosa la kawaida ni kuandika “uncle” kwa MB na FB pamoja. Hapo umefuta hoja yote. Kiswahili kinamwita kaka wa baba “baba”, na dada wa mama “mama”, kisha kinawatenga mjomba na shangazi. Watoto wa baba mdogo ni ndugu zako, wa mjomba ni mabinamu. Utengano huo ndio unaotakiwa kuuchambua: nani anarithi, nani anaoana na nani, nani anataniwa. Utani wenyewe una nafasi yake katika nadharia: mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliuandikia uhusiano wa namna hiyo mwaka 1940, na miaka minne baadaye mwandishi mwingine, Moreau, akaeleza ule wa Tanganyika.

Insha nyingi huporomoka kwenye sentensi inayoanza “Sisi Waafrika”. Msahihishaji atauliza: akina nani, wapi, lini? “Ni mila yetu” nayo haielezi chochote, kwa sababu mila ndiyo inayotafutiwa maelezo.

Ukipewa zoezi dogo la uwandani, tuseme saa moja sokoni, omba ruhusa kwanza na ubadilishe majina. Gawa ukurasa mara mbili: kushoto ulichokiona na kukisikia, kulia unachokifikiri. Andika siku hiyohiyo kabla hujalala; ukingoja hadi kesho, maneno halisi ya watu yatakuwa yamegeuka kuwa muhtasari wako.