Mashine ya kufyekea haina shida ya unene wa uzi

Masika yakishachanganya na majani kufika magotini, mashine za kufyekea zinaanza kupanga foleni karakana, na karibu kila mteja anakuja na ombi lilelile: "Fundi, nifungie uzi mnene kuliko wote ulionao," yaani ile nailoni inayozunguka na kukata majani. Ukimuuliza mashine yake ni ya cc ngapi, yaani ukubwa wa injini, hajui. Ukimuuliza kichwa chake, kile kinachozunguka na kushika uzi, kinapokea uzi wa milimita ngapi, anakushangaa. Anachojua ni kwamba ule mwembamba ulimkatikia, basi dawa ni mnene. Baada ya muda mashine inarudi haivuti, klachi imeungua, na lawama zinaenda kwa mafuta, kwa plagi, kwa kiwanda, kwa kila kitu isipokuwa ule uzi.

Nimeona niyaandike haya mara moja, anayehitaji asome kabla hajaja kaunta.

Dhana: Uzi mnene ndio unaokata vizuri

Kinachokata jani ni mwendo wa ncha ya uzi. Nailoni ni kitu laini. Chukua kipande mkononi, upige nacho ukoka kwa nguvu zako zote. Hutakata hata unyasi mmoja, kiwe chembamba au kinene. Sasa kifunge kwenye kichwa kinachozunguka mara 6,000 kwa dakika, yaani mara 100 kila sekunde. Kama kipenyo cha duara la kukatia ni sentimita 42, ncha inasafiri mita 1.3 hivi kila mzunguko. Hiyo ni mita 130 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 450 kwa saa. Mwendo huo ndio makali yako. Chochote kinachoupunguza kinaitia mashine ubutu, hata kama umekilipia ghali.

Hata aliyebuni chombo hiki alianzia hapo. George Ballas wa Houston, Marekani, aliliwaza jambo hili alipokuwa akiangalia brashi za mashine ya kuoshea magari zinavyozunguka. Nywele za brashi ni laini, lakini zikizungushwa kwa kasi zinanyooka na kufanya kazi. Mwaka 1971 alitoboa kopo la bisi, akapitisha mshipi wa kuvulia samaki, akalifunga kwenye mashine inayozunguka. Likakata.

Sasa tazama unachofanya ukitoka milimita 2.4 kwenda 3.3. Kwa kila mita, uzito wa uzi unakaribia kuwa mara mbili. Upana unaopigana na hewa unaongezeka kwa zaidi ya theluthi. Injini ni ileile. Hewa peke yake inaanza kula nguvu kabla hujagusa jani lolote, na wewe mwenyewe unaweza kulisikia hilo: mashine iliyozoea kulia juu kwa sauti kali sasa inanguruma chini, resi, yaani kasi ya injini, haipandi, na ukiingia kwenye majani mazito inazidi kushuka. Mteja anasikia mngurumo huo na kudhani ndiyo nguvu. Huko ni kulemewa.

Kinachofuata ni klachi. Klachi za mashine hizi zinashika kwa mzunguko: resi ikipanda, viatu vinafunguka kwenda nje na kubana dramu, resi ikishuka, vinaachia. Mashine iliyofungwa uzi mzito inafanya kazi katikati, haijashika sawasawa wala haijaachia. Viatu vinateleza huku vinasugua chuma. Nikiifungua mashine ya namna hiyo nakuta dramu imegeuka rangi, bluu kwa zambarau, viatu vimeng'aa vimelika upande mmoja, springi imelegea au imekatika, na plastiki inayozunguka dramu imeanza kulainika na kunuka. Uzi wa bei ndogo umeleta gharama ya klachi nzima.

Bado injini yenyewe. Injini hizi zinapozwa na upepo wa feni iliyo kwenye magneti. Ukibana mafuta hadi mwisho na resi ikawa chini, unachoma mafuta mengi wakati feni inazunguka polepole. Joto linapanda, pistoni inakwaruzika kwenye silinda, kompresheni inashuka. Mwenyewe anakuja na habari kwamba mashine imenoki ghafla. Hiyo imeanza kunoki siku ulipobadilisha uzi.

Na hata hesabu ya kawaida inamkataa huyu bwana wa uzi mnene. Spuli, ile roda ya ndani ya kichwa inayoviringwa uzi, ikibeba mita tano za 2.4 itabeba kama mita tatu za 3.0, na za 3.3 kidogo zaidi ya nusu ya zile tano. Unasimama kujaza mara nyingi zaidi. Juu ya hayo, uzi uliozidi tundu la kichwa hautoki vizuri ukigonga kichwa chini ili uongezeke, kwa hiyo mtu anazidi kuigonga mashine hadi kitufe cha chini kinapasuka. Kisha ananiambia vichwa vya siku hizi ni feki.

Kwa hiyo ufunge upi? Kwanza soma kichwa chenyewe au kitabu cha mashine, kipimo kimeandikwa. Kama maandishi yamefutika, mwongozo wangu ni huu. Vimashine vidogo vya umeme na vya betri, milimita 1.2 hadi 1.6. Mashine ya mafuta ya cc 25 hivi, 2.0, ikizidi sana 2.4. Za cc 30 hadi 45, ambazo ndizo nyingi mitaani kwetu, 2.4 au 2.7, na 3.0 pale tu kichwa kinaporuhusu. Uzi wa 3.0 hadi 3.3 waachie wenye mashine kubwa za cc 50 kwenda juu wanaofyeka pembeni mwa barabara kutwa nzima. Kwa ua wa nyumba, uwanja wa shule au makaburini, 2.4 nzuri inashinda 3.0 ya ovyo kila siku, na hapo sibishani na mtu.

"Lakini fundi, mwembamba unakatika." Unakatika kwa sababu unauchapa kwenye ukuta, kwenye kokoto, kwenye senyenge, au unajaribu kukatia kichaka cha lantana. Uzi ni wa majani. Matete, majani ya tembo na vichaka vyenye mti ndani vinataka kisu. Funga cha meno matatu, pamoja na kava lake la kinga, umalize kazi. Karibu na ukuta punguza mafuta, na sogea polepole ili iguse ncha tu. Wengi wanaingiza kichwa kizima ndani ya majani. Uzi unapinda, unapiga kwa ubavu badala ya ncha, na unakatikia kwenye tundu. Majani marefu anza kuyashusha kutoka juu, kisha rudi chini.

Dhana: Waya au kebo ya breki ni uzi usioisha

Hii ndiyo inayonikosesha amani. Mtu anakata kebo ya breki ya baiskeli au waya wa kufungia nondo, anaupitisha kwenye kichwa cha nailoni, anaingia uwanjani watoto wakiwa pembeni. Nailoni ikichoka, ncha yake inamomonyoka vipande vyepesi ambavyo hewa inavipunguza mwendo upesi. Chuma kikichoka kinakatika kipande kizima, na kipande hicho kinaondoka kwa kasi ile tuliyoihesabu hapo juu. Kinapenya suruali, kinapenya nyama, na jicho halina la kujikinga. Watengenezaji wanakataza waya kwenye vitabu vyao. Umoja wa Ulaya mwaka 2012 uliagiza vichwa vinavyokata kwa minyororo badala ya uzi kwa mashine za kushika mkononi visiuzwe tena, kwa hatari hiyohiyo ya chuma kuchomoka. Karakana yangu haifungi waya, na mashine ikiletwa ikiwa na waya, unatolewa kwanza ndipo tuongee.

Dhana: Toa kava, mashine iwe nyepesi na ifike mbali

Kile kisu kidogo kilicho pembeni mwa kava kazi yake ni kukata uzi uliozidi urefu. Ukilitoa kava, uzi unatoka mrefu kadiri unavyogonga, na urefu unalemea injini kuliko hata unene. Nguvu inayoliwa na hewa haiongezeki sambamba na urefu, inapaa. Kwa mzunguko uleule, ukitoka sentimita 20 kwenda 25 kutoka katikati ya kichwa, hewa inadai nguvu zaidi ya mara mbili. Injini haina hiyo nguvu ya ziada, basi resi inaporomoka na tunarudi kwenye klachi iliyoungua. Mawe yanayokupiga miguuni sijayataja. Rudisha kava.

Dhana: Uzi mwekundu ni mgumu kuliko wa kijani

Rangi ni ya kiwanda. Wapo wanaotumia rangi kutofautisha unene, lakini kila mmoja kwa utaratibu wake, na mwekundu wa huyu unaweza kuwa sawa na wa njano wa yule. Pima kwa vernia, kile kifaa cha kupimia unene. Kama huna, njoo na kipande cha zamani tulinganishe, maana hata namba ya kwenye paketi za bei rahisi si ya kuaminika kila wakati.

Dhana: Wenye pembe ndio bora

Uzi wa mraba au wa nyota unakata safi kwenye nyasi laini ukiwa mpya. Pembe zake ndizo zinazokata, na pembe hizo ndizo zinazoisha kwanza. Palipo na kokoto na kuta, wa mviringo unadumu zaidi na unatoka vizuri kwenye spuli. Uliosokotwa unapunguza kelele. Mimi nyumba nyingi nazifungia wa mviringo.

Dhana: Mshipi wa kuvulia unafaa tu, wote si nailoni?

Wateja wa pwani hawa. Ballas alianza nao, kweli, lakini hakubaki nao. Mshipi umetengenezwa kuvutwa na samaki. Uzi wa mashine umechanganywa ili ustahimili kupigwa na kusuguliwa mara mia kwa sekunde. Ukifunga mshipi utaona unavyochanika ncha na kuwa kama ufagio.

Dhana: Uzi unaokatika ovyo umeharibika, tupa

Hapa ndipo watu wanapoteza fedha bure. Nailoni inanyonya maji, na unyevu huo ndio unaoipa ulaini. Roli iliyoning'inia dukani juani miezi mingi, au iliyokaa stoo Dodoma kiangazi chote, inakauka na kuwa ngumu. Ukiipinda inavunjika kwa mlio. Iloweke kwenye ndoo ya maji siku nzima, itoe, ifute, ifunge. Mara nyingi inarudi kwenye hali yake. Iliyochomwa na jua hadi rangi imepauka na uso umekuwa na unga, hiyo haina matibabu. Baada ya hapo itunze kivulini, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa.

Dhana: Uzi ukigandamana ndani ya spuli ni feki

Wakati mwingine kweli. Lakini nikifungua kichwa nakuta uzi umeviringwa ukipishana huku na huku, umelegea, umejazwa hadi mdomoni. Mashine inatetemeka, nyuzi zinasuguana, joto linapanda, na pale zinapopishana zinayeyuka na kushikana. Unauvuta unatoka na alama za wenzake. Viringa ukifuata mshale ulio kwenye spuli, mstari kwa mstari, ukiwa umekaza, nyuzi mbili kila moja upande wake wa kizuizi. Bakisha nafasi kidogo kabla ya ukingo. Na ncha zote mbili zitoke urefu sawa. Moja ikiwa fupi kichwa kinayumba, mtetemo unapanda hadi kwenye mikono, na beringi za gia boksi zinaanza kulegea. Ukiiona mashine inatikisika kuliko kawaida, izime, subiri kichwa kisimame kabisa, ukague urefu wa nyuzi kabla ya kushuku kitu kingine chochote.