Mti Ulio Ndani ya Uzio Haupumziki

Wiki iliyopita mgeni mwingine alisimama kando ya uzio wa majaribio katika kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, Kenya, akatamka yale yale: "Kumbe mkiwafukuza twiga na tembo, miti inapumzika." Nikameza mate. Jamani, haipumziki!

Vipande vya ardhi vya majaribio hayo vilianzishwa 1995, viko 18, kila kimoja hekta 4. Vingine vinazuia tembo na twiga tu, vingine wanyamapori wakubwa wote, vingine hata ng'ombe. Mgunga wa udongo mweusi, Acacia drepanolobium, huwapa sisimizi makao ndani ya miiba iliyovimba pamoja na nekta. Wao humng'ata anayekuja kula majani. Hadi hapo kila mtu anafuata.

Kinachosahaulika ni kwamba ulinzi una gharama, na mti ni bahili. Baada ya miaka 10 bila walaji, miti ya ndani ilitoa nekta kidogo na miiba michache iliyovimba. Crematogaster mimosae, sisimizi walinzi wakali wanaotegemea malipo hayo, wakapungua nguvu, na miti mingi ikatwaliwa na sisimizi wengine, C. sjostedti. Hawa hawana haja na miiba. Hulala kwenye mashimo ambayo mabuu ya mende huyachimba katika shina, kwa hiyo mende kwao ni fundi wa nyumba, si adui. Miti yao ilikua polepole na kufa zaidi kuliko ile ya C. mimosae. Twiga hayupo, mti unaliwa kutoka ndani.

Sasa usikimbilie kusema tembo ni rafiki wa mti. Tembo huvunja miti, basi. Hata neno "ushirikiano" kati ya mti na sisimizi linanikera, maana linanukia urafiki. Sisimizi wa aina ya tatu, C. nigriceps, hulinda vizuri sana huku wakikata machipukizi na kuuzuia mti usizae. Je, ni hasara? Kwa mti mchanga, ambao bado haujafika wakati wa kuzaa, huenda ni bei nafuu ya kubaki hai. Utamwita nani mwizi hapo?

Ila nami nina shaka zangu. Hekta 4 kwa tembo ni kama uwanja wa nyumba. Halafu mgunga huishi muda mrefu kuliko kazi ya mtafiti yeyote, kwa hiyo tunapima miti michanga, ya kati na mizee kwa pamoja, kisha tunaunga vipimo hivyo kuwa maisha ya mti mmoja. Mti huo mmoja sijawahi kuuona.