Gondola: ya majini na ya angani

Mtajie mtu gondola, mmoja ataona mashua nyeusi ya Venice, Italia, mwingine kibanda cha vioo kinachoning'inia kwenye waya juu ya mapaa ya mji. Wote wawili wako sawa.

Tuanze na ya majini. Ina urefu wa karibu mita 11 na upana usiofika mita mbili. Wengi wakiiona pichani hudhani mwendeshaji anaisukuma kwa upondo, kama mvuvi kwenye maji haba. Sivyo. Ana kasia moja tu, kasimama tezi, anapiga upande wa kulia. Chombo kinachopigwa kasia upande mmoja kawaida huzunguka, basi mafundi wa Venice wakaamua kukiunda kombo makusudi: ubavu wa kushoto umeuzidi wa kulia kwa sentimita 24 hivi, na mashua huenda sawasawa. Kasia lenyewe halifungwi kwa kishwara. Huegemea forcola, kipande cha mti kilichochongwa kwa mapindo, na kila pindo lina kazi yake: kwenda mbele, kurudi nyuma, kugeuka, kusimama. Kwangu mimi hicho ndicho kipande kizuri kuliko vyote kwenye mashua hiyo. Weusi nao ulitokana na sheria za karne ya 16, matajiri walipozidi kushindana kwa mapambo.

Zamani zilikuwa maelfu, ndiyo teksi za mji. Leo zimebaki mia chache na abiria wake ni watalii, isipokuwa zile za kuvusha watu Mfereji Mkuu, ziitwazo traghetto.

Ya angani haina injini wala dereva. Mota iko kituoni, inazungusha waya mmoja ulioungana ncha zake, na vibanda vingi vimeubana waya huo. Kibanda kikiingia kituoni, kibanio kinaachia. Kinajikokota polepole milango wazi, watu wanashuka na kupanda, kisha kinaubana tena na kushika kasi. Hakuna cha kusubiri ratiba. Yale magari mawili makubwa ya kwenye waya yanayopishana kwenye Table Mountain, Cape Town, ni aina nyingine, ingawa watu huchanganya.

Vibanda hivi vilizoeleka kwenye milima ya theluji, vikipandisha watelezaji. Medellín, Kolombia, ikavifanya usafiri wa mjini mwaka 2004, kwenye mitaa ya mabondeni na vilimani ambako basi linahangaika. La Paz, Bolivia, ilianza 2014 na sasa ina njia 10: mama anatoka El Alto, mita 4,000 juu ya bahari, na mzigo wake wa sokoni mapajani, anateremka juu ya foleni ya magari.

Mombasa nako vibanda vya kuvuka Likoni vimezungumzwa miaka mingi. Watu bado wanapanda feri.