Kabla hujamwandikia profesa wa maabara

Kila ikikaribia Septemba, sanduku langu la barua pepe hujaa maombi ya uzamivu (PhD). Mengi yanafanana: "Mheshimiwa Profesa, mimi ni mchapakazi, naipenda sayansi tangu utotoni, naomba nafasi katika maabara yako." Hakuna hata neno moja linaloonyesha kwamba mwombaji anajua sisi ni watu wa mbu. Barua hiyo hiyo ingemfaa mtaalamu wa minazi, na pengine naye kaipata, maana anwani zetu zote zimeachwa wazi pale juu.

Uzamivu wa biolojia hauombwi kama shahada ya kwanza. Mara nyingi kuna mtu mmoja mwenye maabara, ambaye mtagawana vitendanishi (kemikali za majaribio), zamu za mashine ya PCR, ile ya kunakili DNA, na fedha za mradi kwa miaka mitatu, minne au zaidi. Huyo akikutaka, fomu za chuo hufuata.

Barua ambayo naijibu siku hiyo hiyo ni ya namna hii. Mwombaji kasoma makala yetu ya ukinzani wa mbu dhidi ya viuadudu. Tulitumia kipimo cha Shirika la Afya Duniani: mbu majike wa siku 3 hadi 5, ambao hawajanyonya damu, huwekwa saa 1 kwenye bomba lenye karatasi iliyopakwa dawa, kisha waliokufa huhesabiwa baada ya saa 24. Wakifa chini ya asilimia 90, tunasema ukinzani upo. Yeye anauliza: kimelea cha malaria hukaa ndani ya mbu siku kumi hivi au zaidi kabla ya kuweza kumwambukiza mtu, sasa mbona mnapima vigoli mkawaacha vikongwe, ambao ndio wenye kuambukiza?

Swali si geni kwetu, wapo waliolifanyia kazi. Ila limenionyesha kwamba huyu kasoma sehemu ya mbinu, ambayo wengi huiruka, na kwamba kichwani mwake tayari kuna jaribio. Baada ya hapo aya mbili zinatosha, pamoja na wasifu mfupi na matokeo ya masomo. Shikamoo moja inatosha pia. Sifa za kunipamba sizihitaji.

Utaratibu hutofautiana. Marekani, programu nyingi za biolojia ya molekuli hupokea wanafunzi kwa jumla, nao huzunguka maabara kadhaa mwaka wa kwanza ndipo wachague; kwenye ikolojia na mageuko, mara nyingi utahitaji msimamizi aliyekukubali mapema, na maombi mengi hufungwa Desemba. Ujerumani, nafasi nyingi hutangazwa kama ajira, kwa kawaida ya sehemu tu ya mshahara kamili. Nairobi, icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ina mpango wake wa uzamivu uitwao ARPPIS tangu 1983: utafiti unaufanyia kwao, usajili unakuwa chuo kikuu.

Kwetu Tanzania shida kubwa ni fedha. Msimamizi anaweza kukukubali kwa moyo mweupe huku hana hata senti ya kukusomesha. Uliza mapema, tena bila haya: ada analipa nani? Vitendanishi vitatoka mradi gani, na mradi huo unaisha lini? Posho ipo? Mradi uliobakiza mwaka mmoja hauwezi kubeba uzamivu wa miaka minne, hata profesa awe mwema namna gani.

Usipojibiwa, kumbusha baada ya wiki mbili, mara moja tu.

Ukijibiwa vizuri, omba kuzungumza na wanafunzi wake wa sasa na wa zamani. Waliomaliza walichukua muda gani? Rasimu ikipelekwa kwa mzee, inarudi baada ya wiki au baada ya muhula? Kwenye makala, jina la nani hutangulia? Kama yupo aliyeondoka bila kumaliza, mtafute huyo kwanza, na umpigie simu, kwa sababu kwenye maandishi wote watamsifia tu.