Je, wajua kwa nini jiko la petroli hupashwa moto kabla ya kuwashwa?

Anayetazama jiko la petroli likiwashwa kwa mara ya kwanza hudhani mafuta yanapotezwa bure. Mwenye jiko anapiga pampu, anaachia mafuta kidogo yadondokee kwenye kisahani kilicho chini ya kichomeo, anayawasha, kisha anayatazama yakiungua bila sufuria juu yake. Moto ule ukikaribia kuzimika ndipo anafungua kidhibiti, na jiko linaanza kunguruma kwa mwali wa buluu. Mbona asifungue na kuwasha papo hapo, kama afanyavyo mwenye jiko la gesi?

Ni kwa sababu petroli ikiwa majimaji haiungui. Wala mafuta ya taa, wala dizeli. Kinachoungua ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa. Katika jiko la aina hii mafuta husukumwa na presha kutoka kwenye chupa, hupita kwenye kibomba chembamba kinachokatiza ndani ya mwali, hugeuka mvuke humo kwa joto, kisha huchomoka kwa kasi kupitia tundu dogo la nozeli. Mvuke huo ukitoka huvuta hewa pamoja nao, na mchanganyiko huo ndio unaotoa mwali wa buluu usio na masizi. Kwa hiyo mwali ndio unaokipasha kibomba kinachouletea mafuta. Tatizo ni mwanzoni, pale ambapo mwali bado haupo. Kibomba ni cha baridi, na ukifungua kidhibiti mafuta yatatoka yakiwa majimaji, yashike moto wa njano mrefu wa kuunguza nyusi. Ule moto wa kwanza kwenye kisahani ni wa kukipasha kibomba ili kiwanda hiki kidogo cha gesi kianze kazi. Kikishaanza, hujiendesha chenyewe hadi mafuta yaishe au presha ipungue.

Ujuzi huu ni wa zamani. Mwaka 1892 Frans Wilhelm Lindqvist wa Sweden alitengeneza jiko la mafuta ya taa lisilo na utambi, lililojulikana kwa jina la Primus. Majiko ya utambi ya zama zile yalitoa masizi mengi. Hili lilitoa mwali safi na mkali. Mwaka uliofuata Fridtjof Nansen wa Norway aling'oa nanga na meli yake, Fram, kuelekea bahari ya barafu ya kaskazini akiwa na Primus, na Mnorway mwenzake Roald Amundsen alikuwa nayo alipofika Ncha ya Kusini Desemba 1911. Majiko ya leo ni mepesi zaidi, na mengi yana chupa iliyotengwa na kichomeo, lakini ukilifumua mojawapo utakuta mzunguko uleule: presha, kibomba cha moto, nozeli, hewa.

Kwa nini basi mtu ajisumbue na pampu na visahani wakati mitungi midogo ya gesi ipo? Kwa safari ya siku mbili tatu mahali penye joto, nabeba gesi bila kusita. Haina matayarisho, haichafui mikono. Shida yake ni kwamba presha ya mtungi hutokana na gesi yenyewe kuchemka humo ndani. Butani huchemka kwenye nyuzijoto 0.5 chini ya sifuri, isobutani karibu 12 chini ya sifuri, propani 42 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo, butani hubaki majimaji mtungini na haitoki. Hata kabla ya kufika huko, mtungi hujipoza wenyewe kadiri gesi inavyotoka, na mwali hunyong'onyea. Propani iliyochanganywa humo husaidia, ila hutangulia kutoka, hivyo mtungi unapokaribia kwisha ndipo unapokuwa dhaifu kuliko wakati wowote. Presha ya jiko la petroli unaitia kwa mkono wako. Baridi kali itakuongezea dakika za kupasha kibomba na mapigo machache ya pampu, lakini jiko litawaka.

Na penye theluji, jiko kazi yake ya kwanza ni kukupa maji, chakula hufuata. Mei 1952 wapanda milima Raymond Lambert na Tenzing Norgay walilala kwenye hema katika kimo cha karibu mita 8,400 juu ya mlima Everest bila jiko wala mifuko ya kulalia. Waliyeyusha theluji kidogo kwa mshumaa. Kesho yake walipanda hadi karibu mita 8,600, nguvu zikawaishia, wakarudi. Mwaka huohuo Griffith Pugh, mwanafiziolojia, yaani mtaalamu wa utendaji wa mwili, aliyefuatana na Waingereza kwenye mlima Cho Oyu, alisisitiza kwamba wapandaji wanywe maji mengi kuliko walivyozoea, na hilo lilimaanisha majiko bora na mafuta zaidi. Mwaka 1953 Tenzing na Edmund Hillary, waliofika kilele cha Everest, walikuwa na Primus kwenye kambi yao ya mwisho. Walikunywa vya kutosha, na asubuhi Hillary akaitumia kuyeyusha barafu ya viatu vyake vilivyokuwa vimeganda. Hoja hiyo ya maji ndiyo iliyomsukuma pia Larry Penberthy wa Seattle, Marekani, mwanzilishi wa Mountain Safety Research. Mwaka 1973 alitoa jiko ambalo chupa ya mafuta yenyewe ndiyo tangi, ikikaa kando ya moto na kuunganishwa kwa bomba. Mpangilio huo umeenea tangu hapo, na sababu zake ni nzuri: chupa haipati joto, kichomeo hukaa chini karibu na ardhi, na sufuria kubwa haipinduki.

Mafuta ya kubeba ni kiasi gani? Hesabu yake inafaa uifanye mwenyewe mara moja, maana ukishaielewa hutategemea makadirio ya mtu mwingine. Kuyeyusha kilo moja ya theluji iliyo kwenye nyuzijoto 0 huhitaji kilojuli 334 (kilojuli ni kipimo cha nishati). Kuyachemsha maji yake kutoka 0 hadi 100 huhitaji nyingine 419 hivi. Yaani kabla maji hayajaanza kupata joto, umeshatumia karibu nusu ya moto wote. Kilo ya petroli hutoa takriban kilojuli 44,000, lakini kwenye baridi na upepo chukulia kwamba nusu tu ndiyo inayoingia sufuriani. Ukigawanya, unapata karibu gramu 34 za petroli, sawa na mililita 50 hivi, kwa kila lita ya maji yaliyotokana na theluji na kuchemshwa. Mtu wa lita 4 kwa siku atahitaji mililita 200 akizichemsha zote. Penye maji ya mto nusu ya hapo inatosha, na juu ya jumla mimi huongeza mafuta ya siku nzima kuwa akiba. Kumbuka pia kimo: maji huchemka kwa joto pungufu kwa karibu nyuzijoto 1 kila unapopanda mita 300, hivyo kwenye mita 4,500 yanachemka karibu na 85. Nafaka na maharage ya kuchemka muda mrefu hayaivi vizuri huko, yanamaliza mafuta tu. Beba chakula cha kulowekwa kwa maji ya moto.

Aina ya mafuta ndiyo inayopaswa kuamua jiko, wala si kinyume chake. Bora kuliko yote ni nafta, yaani petroli iliyosafishwa kwa ajili ya majiko, isiyo na viongeza. Petroli ya kituo cha magari huwaka pia, lakini ina viongeza vya kusafisha injini ambavyo huacha utando ndani ya kibomba, na ina benzini, kemikali ya sumu ambayo si kitu cha kuvuta kwa pumzi. Madini ya risasi angalau hayamo tena: Julai 2021 Algeria iliacha kuuza petroli ya magari yenye risasi, ikiwa nchi ya mwisho duniani kufanya hivyo. Mafuta ya taa yana tabia nyingine kabisa. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye nyuzijoto 40 chini ya sifuri, ilhali mafuta ya taa yanahitaji kufikia karibu 38 juu ya sifuri. Kwa hiyo yakimwagika ni salama zaidi, lakini kupasha jiko lake huchukua muda na hutoa masizi mengi usipotumia spiriti kwenye kisahani. Kwa kundi kubwa linalopika kila siku napendelea mafuta ya taa. Dizeli iwe ya dharura.

Yapo majiko yanayokubali mafuta hayo yote, ila nozeli hubadilishwa. Primus OmniFuel, kwa mfano, hutumia nozeli ya milimita 0.37 kwa petroli na 0.28 kwa mafuta ya taa, kwa sababu mvuke wa mafuta ya taa ni mzito na unataka hewa nyingi zaidi kwa kila tone. Ukiweka mafuta ya taa kwenye tundu la petroli utaona mwali wa njano na sufuria nyeusi. Tundu dogo namna hiyo huziba kwa chembe ya uchafu, hivyo beba pini yake, ufunguo wake, na mipira ya akiba ya pampu. Kama pampu haishiki presha, mara nyingi ngozi yake imekauka. Itoe, ipake mafuta kidogo, irudishe.

Sasa kupasha kwenyewe, hatua inayowaunguza watu wengi. Usiijaze chupa hadi mdomoni. Iache nafasi ya hewa, maana presha hukaa kwenye hewa hiyo. Piga pampu mara 15 hadi 20. Mafuta ya kupasha yawe kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na yawashwe nje ya hema. Ngoja hadi moto uwe unaelekea kufa, ndipo ufungue kidhibiti polepole. Ukiona mwali wa njano unaoruka, funga, acha mabaki yaungue, fungua tena. Ikiwa moto umekufa kabisa na jiko bado ni la moto, liache lipoe kabla ya kumwaga mafuta mengine. Petroli ikigusa chuma cha moto hutoa mvuke mwingi papo hapo, na kiberiti utakachowasha kitaukuta umetanda. Wala usimimine mafuta kutoka kwenye chupa kwenye moto unaowaka, hata uwe mdogo kiasi gani.

Kikinga upepo hupunguza matumizi ya mafuta kuliko jiko la bei kubwa. Zungushia kichomeo na sufuria, huku chupa ikibaki nje ya kikinga. Hicho ndicho kikomo ambacho hakivukwi.

Jambo la mwisho ni hewa ya hema. Sufuria iliyojaa theluji hupoza mwali unaoigusa, mwako haukamiliki, na kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, huongezeka. Gesi hiyo haina harufu wala rangi, na hushikamana na damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi mzito, na mlimani watu huzidhania kuwa ugonjwa wa kimo. Kama dhoruba inakulazimisha kupikia ukumbini mwa hema, fungua mlango na matundu ya juu, jiko uwe umeshaliwasha na kulitulizia mwali nje. Mtu akianza kulalamika kichwa wakati jiko linawaka, mtoeni nje kwanza, zimeni jiko, kisha ndipo mjadili ni kimo au ni gesi.